Sauti Sitini na Moja Zisizo na Wenyewe

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea Jumanne ile ni Bakhit kurudisha kahawa yake jikoni kwa sababu ilitiwa sukari. Huirudisha kila siku. Nubi, mwenye mkahawa, humtilia sukari kila siku, na ugomvi wao ndio saa yetu: ukiisha tunajua alasiri imekwisha kusaliwa, jua limevuka paa la soko la hariri, na benchi letu limeingia kivulini. Ni benchi refu la mbao, limeegemea ukuta wa mkahawa mkabala na Nyumba ya Nyimbo, hapa Akhmim, kusini mwa Misri, na kwa miaka tisa limekaliwa na watu walewale wanne. Bakhit alikuwa tarishi wa posta; tunamwita Waziri, kwa sababu hakuna siri ya serikali asiyoijua. Gnawi, fundi wa redio, ni Umeme. Tawadros, mfumaji wa mwisho katika mtaa wetu, ni Hariri. Mimi nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo ni Ustadh tu. Tangu Februari nakaa mwisho wa benchi, pembeni kabisa, mahali ambapo watu wanaokuja kutoa pole hawafiki kwa urahisi.

Kahawa ya Bakhit ilikuwa bado haijarudi Gnawi alipotokea ng'ambo ya barabara, mbio mbio, kanzu ameikamata mkononi.

— Wanaifunga! Karatasi imebandikwa mlangoni. Alhamisi wanaizima.

— Wanazima nini? akauliza Tawadros. — Vuta pumzi kwanza, utatufia hapa.

— Tovuti! Nyimbo za mama zetu! Wafadhili wamesema imeshindwa. Miaka miwili, wasikilizaji mia mbili na kumi na wawili.

— Mia mbili na kumi na wawili, akasema Bakhit. — Mimi peke yangu nilisikiliza mara mia mbili.

— Na hao kumi na wawili?

— Hao ni wafanyakazi wao wenyewe, wanaangalia kama inafanya kazi.

Walicheka. Mimi sikucheka, nao hawakutarajia nicheke, maana walijua kuwa mle ndani, katika namba ishirini na saba, yumo mke wangu.

Nyumba ya Nyimbo ni chama kidogo cha mji. Kina vyumba vitatu katika nyumba ya mfumaji wa zamani. Miaka ya themanini kilikusanya kanda za wanawake wa Akhmim: nyimbo za kuaga mahujaji, nyimbo za hina, za kumtahiri mtoto, za kumlilia maiti. Miaka mitatu iliyopita walikuja watu wa mradi kutoka Kairo. Walikuwa na kompyuta nne na mashine ya kunakili sauti, na walituletea mkurugenzi aliyevaa viatu vyeupe. Kanda zilikuwa zimeshika ukungu. Walinakili sauti, kanda wakazitupa. Siku ya uzinduzi waliwasha skrini kubwa yenye ramani ya dunia, na juu ya Akhmim palikuwa na nukta moja nyekundu. Tulipiga makofi. Tulipewa tende na hotuba nne.

— Nitawaambia kwa nini ilishindwa, akasema Bakhit, na akamgeukia Nubi aliyekuwa analeta kikombe. — Hiki kina sukari?

— Hakina, Waziri.

— Nikikuta hata chembe, naapa nahamia kwa jirani yako. Sikilizeni. Ilishindwa kwa sababu ya neno la siri. Mkurugenzi yule wa viatu vyeupe ndiye aliyekuwa nalo peke yake. Akapata kazi Kuwait. Akapanda ndege, na neno la siri kichwani mwake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kubadilisha hata nukta.

— Wangempigia simu.

— Walimpigia! Akasema amelisahau. Na kweli alilisahau, kwa sababu kule Kuwait wanakupa lingine.

— Wewe Waziri, akasema Gnawi, — ulikuwa unapeleka barua mlango usio wake miaka thelathini, leo unatufundisha kompyuta?

— Niambie barua moja iliyopotea!

— Ya dada yangu kutoka Suez.

— Hiyo haikuandikwa! Dada yako alikudanganya, ndugu yangu, hakutaka tu kukuandikia.

Gnawi akakaa, akajipepea kwa kofia yake. Yeye ndiye aliyetutengenezea redio zetu zote, na hakuna kitu duniani ambacho hakielezi kwa umeme.

— Tatizo ni sauti yenyewe, alisema. — Sauti ya kwenye kanda ni kama mkate wa jua wa mama yako. Umekaa nje, umeumuka polepole, una joto. Sasa wewe unauchukua mkate huo, unaukata vipande milioni, kila kipande unakipa namba, halafu unamtumia mtu wa Kanada aunganishe mwenyewe. Atakula nini? Atakula namba!

— Nilisikiliza kwa simu, ilikuwa sawa tu, akasema Tawadros.

— Ilikuwa sawa kwa sababu uko hapa! Umeme wako na umeme wake ni wa mto mmoja. Nenda Kanada uone. Sauti ya mwanamke wa Saidi, huku kwetu kusini, haivuki bahari kwa waya, bwana. Inafika imelowa.

— Basi kwa nini taarabu ya Kairo inafika?

— Wale wanapaza sauti mbele ya maikrofoni. Mama zetu waliimba nyuma ya pazia. Mashine imesoma pazia.

Tawadros aliweka kikombe chini polepole, kama anavyoweka kila kitu. Amefuma tangu ana miaka minane na vidole vyake havijui haraka.

— Mimi nilikwenda kuifungua ile tovuti, alisema. — Kwanza ikaniuliza namba ya simu. Nikaipa. Ikanitumia tarakimu sita. Nikazitia. Ikaniambia nithibitishe kuwa mimi si mashine. Ikanionyesha picha tisa, nichague zenye taa za barabarani. Hapa Akhmim, taa za barabarani! Nilichagua mitende. Ikanifukuza.

— Ndiyo maana mia mbili na kumi na wawili, akasema Bakhit. — Wengine wote walichagua mitende.

— Nilipofaulu, akaendelea Tawadros, — nikakuta orodha. Sitini na moja. Ya kwanza: Haijulikani. Ya pili: Haijulikani. Ya tatu: Haijulikani. Nikadhani simu imekwama. Kumbe ndivyo zilivyo zote. Sasa mtu atachagua nini? Ukienda kwangu kutafuta kitambaa, ukakuta marobota sitini na moja yameandikwa "kitambaa", utanunua?

— Kwako siku hizi hata hayo marobota hayapo.

— Mungu akusamehe, Umeme.

— Amin.

Bakhit akasema hilo la Haijulikani lilikuwa jambo la makusudi. Kwa maoni yake kuna ofisi mahali fulani, hakusema wapi, alisema tu ina zulia la kijani, ambayo hukusanya sauti za wanawake wasiojulikana wa dunia nzima. Wakishapata za kutosha watatengeneza mwanamke mmoja asiye mtu, mwenye sauti ya kila mama, na kila mtu akipigiwa simu naye atatoa chochote anachoombwa.

— Hata ardhi? akauliza Gnawi.

— Hata ardhi! Mama yako akikupigia leo, Mungu amrehemu, akakuambia mwanangu weka saini hapa, utakataa?

Gnawi aligeuza uso. Alitazama ng'ambo ya barabara.

— Nitaweka saini, alisema.

Nubi alileta maji bila kuombwa.

Nilijua kwa nini ziliitwa Haijulikani, na nilikuwa mtu pekee kwenye benchi lile aliyejua kwa hakika. Mwaka wa themanini na saba, chama kilipotaka kurekodi, waume walikubali kwa sharti moja: sauti sawa, jina hapana. Hapa kwetu, Mwislamu na Mkristo ni sawa, mwanamume hataji jina la mama yake wala mke wake mbele ya wanaume wengine. Tukiwa watoto, mwenzako akilijua jina la mama yako alikuwa amekushika pabaya; angeweza kulipiga kelele uwanjani na ungepigana naye hadi damu. Tulikua, tukasoma, na hatukuacha. Kwa hiyo kila kanda iliandikwa kwa namna iliyokubalika: Mama wa Bakhit. Mke wa fundi wa redio. Dada wa mwenye kinu. Mwandiko ulikuwa wangu. Chama kilinichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma chuo kikuu cha Asyut na niliandika vizuri.

Watu wa mradi walipofika, kompyuta yao ilikuwa na kisanduku cha jina la mwimbaji. Mke wa fundi wa redio si jina. Kisanduku kilikataa. Wakaandika Haijulikani, mara sitini na moja, kisha maboksi yenye mwandiko ule wakayatupa pamoja na kanda. Kwenye tovuti waliweka ombi kwa wakazi: kama unaitambua sauti hii, andika jina. Waliliacha pale miaka miwili. Mji mzima ulizitambua. Hakuna aliyeandika.

Wanaume, bila shaka, hawakuweza kuingia kwenye vyumba vya wanawake na mashine ya kurekodi. Aliingia mke wangu. Nilimfundisha kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuangalia mshale usifike kwenye nyekundu. Aliibeba mashine ile ndani ya kikapu cha mboga, juu yake mashada ya mlukhiya, ili watoto wasiifuate. Alirudi jioni akiwa ananuka hina na moshi wa jiko, akaniambia nani ameimba, na mimi nikaandika. Siku moja zilibaki dakika tatu mwishoni mwa kanda. Alisema ni dhambi kuziacha tupu. Aliketi juu ya paa letu, kati ya tundu la njiwa na kamba ya nguo, akaimba wimbo ambao nyanya yake aliutumia kumuaga haji wa nyumbani kwao: *Mshikeni ngamia taratibu, mabega yake yana majirani wangu.* Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Mwishoni inasikika akicheka, kwa sababu njiwa mmoja alitua karibu mno.

Niliandika: Mke wa mwalimu wa jiografia.

Alifariki Februari. Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kifo cha mke wa Ustadh Lutfi, mama wa Hisham. Tangazo lilikuwa sahihi kwa desturi zetu na lilisomwa mara tatu. Baada ya siku arubaini, Hisham alinipigia kutoka Dammam, Saudia. Alikuwa ameingia kwenye tovuti kumtafuta mama yake, akaandika jina lake, akaambiwa hakuna kitu. "Baba, yuko wapi humu?" aliniuliza. Nilimwambia asikilize namba ishirini na saba. Akarudia, "Namba ishirini na saba, Baba?" Nilikata simu kwa kisingizio cha swala. Nilijiambia kosa ni la watu wa Kairo.

— Ustadh, akasema Bakhit, — mbona kimya? Wewe ndiye msomi wetu. Kwa nini imeshindwa?

— Kisanduku, nilisema.

— Kisanduku gani?

Sikupata nafasi ya kujibu, kwa maana mlango wa Nyumba ya Nyimbo ulifunguliwa na mwanamke akavuka barabara kuja kwetu. Wanawake hawakai katika mkahawa wa Nubi, ila huyu alikuja moja kwa moja, kompyuta ameikumbatia kifuani. Alijitambulisha: Rawya, ametumwa kutoka Kairo juzi kufunga hesabu ya mambo na kuondoa mashine. Gnawi alimpisha nafasi, na sote wanne tukasogea hadi karibu nidondoke.

— Samahanini, wazee wangu. Nimeambiwa ninyi mmekaa hapa miaka mingi.

— Miaka tisa, akasema Bakhit. — Kabla ya hapo tulikaa upande ule, ila jua.

— Wafadhili wamesema wakipata majina, hata machache, hawataizima. Nina siku mbili. Nikiwachezea sauti mnaweza kunisaidia?

— Binti yangu, sauti hizi sisi tumelelewa nazo. Cheza tu.

Akabonyeza. Ilitoka sauti nzito ya mwanamke, ya hina, na nyuma yake makofi. Bakhit alikuwa ameinua kikombe. Kikombe kikabaki hewani.

— Namba kumi na nne, akasema Rawya. — Huyu ni nani?

— Huyo ni mama yangu, akasema Bakhit.

Uso wa yule dada ulichangamka kama wa mtu aliyepata ufunguo.

— Allahu! Mungu amrehemu. Anaitwa nani?

— Mama Bakhit.

— Ndiyo. Jina lake mwenyewe?

— Hapa wote walimwita Mama Bakhit.

— Na kabla hujazaliwa, ami?

Bakhit akatutazama mmoja mmoja, akiomba msaada. Gnawi alikuwa anachunguza waya wa taa ya mkahawa. Tawadros alikuwa anahesabu nyuzi za mkono wa kanzu yake.

— Kabla sijazaliwa, akasema Bakhit, — mimi sikuwepo.

Rawya hakucheka. Nadhani alianza kuelewa, na hakutaka kumwaibisha mzee. Akasogeza kidole chini ya orodha.

— Labda hii. Hii naipenda sana, mwishoni anacheka. Ishirini na saba.

*Mshikeni ngamia taratibu.*

Wenzangu watatu waliangalia chini, kila mmoja kwenye kikombe chake. Ilikuwa heshima kwangu. Walinipa ukimya ule kama mtu anavyompa mwenzake kiti. Wimbo ulikwenda hadi mwisho. Barabara ilikuwa na punda na gari la gesi na mwuza vitunguu, ila nilisikia bawa la njiwa, kisha kicheko.

— Na huyu ni nani? akauliza Rawya.

Tawadros alikohoa.

— Huyo anajulikana, alisema kwa upole.

— Nani?

Nilifungua mdomo. Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi sitini nikataja miji mikuu ya bara zima bila karatasi. Jina lile moja lilifika kwenye meno likakaa hapo. Hata ndani ya nyumba yetu sikulitumia. Tangu Hisham azaliwe alikuwa mama Hisham, nami kwake nilikuwa Ustadh, hata kitandani, hata hospitali. Yule dada alisubiri. Alinitazama mimi hasa, sijui kwa nini. Kisha akaifunga kompyuta, akatushukuru kwa muda wetu, akavuka barabara.

Bakhit aliinywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

— Ina sukari, alisema. Hakumwita Nubi.

— Mimi nilisema, akasema Gnawi baada ya muda. — Ni umeme.

Tuliachana kabla ya magharibi, jambo ambalo si la kawaida.

Asubuhi nilinyoa ndevu, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikafika Nyumba ya Nyimbo saa mbili na nusu. Mashine mbili zilikuwa tayari ndani ya maboksi. Nilimwambia Rawya nimekuja kwa ajili ya ishirini na saba. Alisogeza kiti na kuweka vidole kwenye vitufe, akasubiri nimtajie. Nilimwomba aniachie niandike mwenyewe. Ninaandika kwa kidole kimoja.

Insaf Abdurrasul Mahmud. Alizaliwa Akhmim, 1953.

— Litaonekana na watu wote? nilimuuliza.

— Wote, ami. Ukitaka nilifiche—

— Hapana.

Nikasema kwa sauti, ili niwe na hakika kwamba nimeliandika sawasawa: Insaf. Rawya akalirudia nyuma yangu. Lilikuwa halijatamkwa na mtu mwingine mbele yangu tangu daktari alipolisoma kwenye karatasi.

Chini yake palikuwa na kisanduku kingine ambacho sikuwahi kukiona kwenye simu yangu, kwa kuwa kiliandikwa kwa herufi ndogo: Mkusanyaji. Hiki hakikuandikwa Haijulikani. Kilikuwa na jina langu kamili pamoja na shahada yangu. Nilimwomba anionyeshe nyingine. Lilikuwepo kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lilikuwepo kwenye zote sitini na moja, na mimi sikuwahi kuingia hata kwenye chumba kimoja kati ya vile vya wanawake.

Nikamweleza Rawya nani alikuwa mkusanyaji. Alisema ni kosa dogo. Anaweza kuyabadilisha yote kwa mara moja, kazi ya nusu dakika. Nilimshukuru, nikamwambia sina haraka. Majina ya waimbaji wengine niliyaacha, kwa sababu wana watoto wao, nao wanakaa ng'ambo ya barabara. Nilifuta jina langu kwenye ya kwanza nikaandika Insaf Abdurrasul Mahmud, nikafungua ya pili, nikafuta, nikaandika. Nilipomaliza ya sitini na moja watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya adhuhuri.